Kasoro ya Bisibisi na Kasoro ya Chuma

Kama umeshafika nyumbani, pole na kazi. Kama bado uko kwenye foleni, nisikilize kwa sikio moja, jingine liachie honi za wenzako.

Leo nazungumza na wale waliokomaa kwenye Boxer na TVS, wakaweka akiba yao polepole, na sasa macho yao yako kwenye pikipiki kubwa za spoti: Yamaha R6, Honda CBR, Suzuki GSX-R, Kawasaki Ninja na ndugu zao. Mpya hatuziwezi wengi wetu, tusidanganyane. Tunanunua zilizotumika, na nyingi zimetoka Japani au Uingereza, nchi zinazoendesha kushoto kama sisi.

Sasa nikuulize swali. Ukienda kuiona pikipiki ya namna hiyo, unaanza na nini?

Nawajua. Mnaanza na mlio. Dalali anaiwasha, anavuta mafuta mara mbili tatu, mtaa mzima unageuka, na moyo wako umeshaondoka. Baada ya mlio, rangi. Baada ya rangi, mileji, kana kwamba mileji haijawahi kurudishwa nyuma na mtu yeyote duniani. Kisha bei. Mtu anamaliza nusu saa nzima hajainama hata mara moja kutazama shokapu, hajaushika usukani akaugeuza taratibu, hajajua hata matairi yale yana upepo kiasi gani. Na hii ni pikipiki ya spoti! Kinachoitenga na nyingine si mbio peke yake. Ni namna inavyotulia barabarani, inavyoingia kwenye kona na kutoka, inavyoutii mkono wako. Ukinunua injini nzuri iliyokaa kwenye mwili usiotii, umenunua nusu ya kitu kwa bei ya kitu kizima.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwenye biashara hii kibaya kikipakwa rangi nacho kinajiuza, tena asubuhi.

Jambo langu la leo ni moja, na nitalirudia mpaka mnichoke. Ukipanda pikipiki iliyotumika ukaihisi nzito kwenye kona, au inatikisa kichwa, au inarukaruka, usiseme haraka kwamba ni mbovu, wala usiseme ndivyo zilivyo. Jiulize: hii ni kasoro ya bisibisi, au ni kasoro ya chuma? Kasoro ya bisibisi inaondoka kwa upepo, kwa spana, kwa kugeuza skrubu mbili tatu. Kasoro ya chuma imekaa kwenye fremu iliyopinda, kwenye shokapu iliyoumia pikipiki ilipoanguka, na hiyo utaishi nayo. Hizi mbili, msikilizaji, ukiwa umekaa kwenye kiti zinaweza kufanana kabisa. Ndiyo maana watu wanaacha pikipiki nzuri kwa sababu ya upepo mdogo, kisha wanakwenda kununua iliyopinda kwa sababu ilikuwa imeoshwa.

Fikiria kiatu cha mtumba. Kimeshachukua umbo la mguu wa mwenyewe wa kwanza: kisigino kimelika upande mmoja, ngozi imekunjika pale alipokuwa akikunja yeye. Pikipiki ya spoti nayo imekuja na uzito wa mtu mwingine, na mipangilio ya mtu mwingine, na pengine fundi wa mtu mwingine aliyegeuza kila skrubu aliyoiona. Huwezi kuihukumu kabla hujajua kipi ni chake na kipi ni cha yule bwana.

Haya, tuanze chini kabisa, kwenye matairi. Huko ndiko watu wanakodanganyika zaidi.

Nenda na geji yako ya upepo. Geji yako, narudia, si ya muuzaji. Pikipiki nyingi za spoti zenye injini ya cc 600 hadi 1000 hutaka upepo wa kama psi 36 mbele na 42 nyuma, matairi yakiwa ya baridi. Usinishike kwa maneno yangu. Kuna stika ya kiwandani kwenye mkono unaoshika gurudumu la nyuma, au kwenye kava la cheni. Inama uisome. Pikipiki iliyokaa yadi miezi kadhaa haiwezi kuwa na kiwango hicho ila kama kuna mtu aliijaza. Na tairi la mbele likipungukiwa upepo, usukani unakuwa mzito, pikipiki inakataa kulala, na ukiilazimisha inayumba. Unashuka unasema, "Aa, R6 sifa tu." Kumbe ni upepo! Shilingi ngapi hiyo? Pengine hata kwenye kituo cha mafuta wanakujazia bure.

Ukishapima upepo, chuchumaa nyuma ya pikipiki, macho yawe usawa wa tairi la nyuma, ulitazame umbo. Tairi zima limeviringa vizuri kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Lililokimbizwa miezi na miezi kwenye barabara iliyonyooka limelika katikati tu na kuwa bapa. Sasa pikipiki yenye tairi bapa ina tabia ya ajabu. Ukitaka kuilaza inagoma, inataka kubaki wima. Ukiisukuma zaidi inafika pale bapa linapoishia, na hapo inaangukia ndani ya kona ghafla, kuliko ulivyoomba. Dereva mgeni anaogopa, na ana haki ya kuogopa. Lakini ni tairi. Pikipiki yenyewe haina kosa.

Halafu umri. Ubavuni mwa tairi, mwishoni mwa yale maandishi yanayoanza na herufi DOT, kuna tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukikuta 1418, tairi lilitengenezwa wiki ya 14 ya mwaka 2018. Linaweza kuwa na kashata nzuri kabisa, likang'aa, na bado likawa limekauka na kuwa gumu. Jua letu halina huruma na mpira. Tairi gumu haling'ang'anii lami, hasa mvua ikinyesha. Na kinyume chake pia: ukikuta matairi mapya kabisa, usifurahi mapema. Tairi jipya linateleza kilomita kama mia za kwanza mpaka lizoee, kwa hiyo usiende kuijaribu pikipiki hiyo kwa ubabe kwenye kona ya kwanza nje ya yadi.

Nimekaa sana kwenye matairi, najua. Nimekaa makusudi, kwa sababu nusu ya malalamiko ninayoyasikia kuhusu pikipiki "isiyokata kona" yanaishia hapohapo.

Tupande juu kidogo, kwenye shokapu.

Kwenye pikipiki nyingi za spoti za miaka hii, shokapu za mbele zimegeuzwa: sehemu nene iko juu, ile nyembamba inayong'aa iko chini, karibu na gurudumu. Hiyo sehemu inayong'aa ndiyo inayosema ukweli. Ifute kwa kitambaa. Kisha simama ubavuni, shika breki ya mbele, sukuma usukani chini kwa uzito wako wote, mara tano sita. Inama tena. Umeona pete nyembamba ya oili iliyobaki pale? Sili imechoka. Sasa chukua ukucha wako, upitishe taratibu kwenye ule mng'ao, juu hadi chini, mbele na nyuma, kila mguu. Ukucha ukiteleza mwanzo hadi mwisho, una bahati: sili mpya, oili mpya, fundi anaimaliza kazi mchana mmoja. Lakini ukucha ukikwama mahali, kwenye kidonda kidogo cha kutu au alama ya jiwe, hapo mambo yamebadilika. Kidonda hicho kitaikata sili mpya kama kilivyoikata ya zamani. Mnaona tofauti? Oili ni ileile inayovuja, na dalali ataziita zote "sili tu hiyo, bosi". Moja ni ya bisibisi, nyingine ni ya chuma. Na kwa kuwa shokapu hizi zimegeuzwa, oili inayovuja inashuka kuelekea kwenye breki. Ikifika kwenye pedi, utakapohitaji kusimama hutasimama.

Nyuma kuna shokapu moja, imejificha chini ya kiti. Bonyeza kiti kwa mikono miwili, kwa nguvu, uachie. Kiti kinapaswa kupanda mara moja, kwa kama sekunde moja, kisha kitulie. Kikipanda, kikashuka, kikapanda tena, maana yake hakuna kinachoizuia springi. Kikipanda kwa kujivuta kama kimelazimishwa, kinazuiwa mno.

Hapa ndipo lile swali letu linapopata jibu zuri kuliko mahali pengine popote. Shokapu nyingi za spoti zina skrubu ya kurekebisha spidi ya kurudi, na nyingine ya spidi ya kushuka. Mwombe muuzaji ruhusa. Geuza ile ya kurudi kuelekea kufunga, taratibu, huku ukihesabu inavyogonga, tik, tik, tik, ili uweze kuirudisha ilipokuwa. Bonyeza kiti tena. Je, kuna kilichobadilika? Kama kiti sasa kinapanda polepole zaidi, shokapu iko hai, ilikuwa imepangwa vibaya tu. Kama umefunga skrubu yote na kiti bado kinachezacheza vilevile, shokapu hiyo imekufa, na hakuna bisibisi itakayoifufua. Jaribio hili halihitaji hata kuwasha injini. Sijui kwa nini watu hawalifanyi.

Sasa kuna jambo moja ambalo hata mafundi wazoefu wanaligombania, nalo ni kukaza springi. Utamsikia mtu anasema, "Mimi mzito, nimekaza springi ili iwe ngumu." Hapana, ndugu yangu. Ukikaza springi huifanyi iwe ngumu. Unainyanyua pikipiki, basi. Ugumu wa springi umo ndani ya waya wenyewe, haubadiliki kwa spana. Unachobadilisha ni kiasi pikipiki inachozama unapoikalia. Na kiasi hicho kinapimika.

Chukua futi na mtu wa kukusaidia. Nyanyueni sehemu ya nyuma mpaka gurudumu linaning'inia, mpime kutoka kwenye ekseli ya nyuma kwenda juu wima hadi alama fulani kwenye mkia wa pikipiki. Halafu panda ukae kama unavyoendesha, umevaa koti na kofia yako, mwenzako apime tena palepale. Tofauti ya vipimo hivyo viwili, kwa matumizi ya barabarani, iwe kama milimita 30 hadi 40. Ikizidi sana, nyuma imekaa chini, mbele imenyanyuka, na pikipiki inakuwa mzembe kuingia kona. Ikipungua sana, inarukaruka kwenye kila tuta na kukurusha kitini. Kama ukikaza au kulegeza unafika kwenye kiasi hicho, vizuri, mpangilio tu. Kama hata ukikaza mpaka mwisho bado inazama kupita kiasi, springi hiyo si ya uzito wako. Inanunulika nyingine, lakini iingize kwenye hesabu kabla hujatoa pesa. Na tafadhali usiniulize kuhusu kupakia mshikaki kwenye R6. Kile kiti cha nyuma ni cha mtu mmoja, tena asiye na usemi.

Tumeshapita matairi, tumepita shokapu. Tuje shingoni, pale usukani unapozungukia. Hapa nataka ukae kimya kidogo, mwambie na dalali azime redio yake.

Fundi anyanyue gurudumu la mbele kwa stendi yake. Shika usukani kwa vidole viwili tu, sio kiganja kizima. Ugeuze polepole kutoka kushoto kwenda kulia. Unapopita katikati, pale gurudumu linapotazama mbele moja kwa moja, kuna kitu kinachokwama? Kijishimo kidogo, kama usukani unapenda kukaa hapo? Basi beringi zimejichimbia. Ukiendesha pikipiki hiyo mwendo mdogo haitakwenda sawa, itakuwa inatangatanga, unarekebisha kushoto, unarekebisha kulia, mpaka mabega yanauma, na hutajua ni kwa nini. Baada ya hapo, shika miguu ya shokapu chini kabisa, vuta mbele, sukuma nyuma. Ikigonga, tok, beringi zimelegea. Zilizolegea tu zinakazwa. Zilizojichimbia zinabadilishwa, hakuna njia nyingine, lakini bado si msiba. Kwenye gurudumu la nyuma fanya vivyo hivyo, vuta kushoto na kulia, usikilize.

Msiba uko hapa. Usukani ukiwa umeunyoosha, je, gurudumu nalo limenyooka? Simama mbele ya pikipiki, tazama. Wakati mwingine shokapu zimejisokota tu kwenye vishikizo vyake kwa sababu pikipiki ililala upande. Fundi anafungua bolti, ananyoosha, anafunga. Lakini zungusha usukani mpaka mwisho kila upande, uchungulie chini ya shingo. Kuna vizuizi viwili vya chuma vinavyouzuia usukani usigonge tanki. Kimoja kikiwa kimebonyea, au kimevunjika, au kina alama ya kuchomelewa, pikipiki hiyo ilipiga kitu kwa nguvu kubwa. Rangi ya kava inaweza kuwa mpya kama ya leo asubuhi. Kile kizuizi hakuna anayekumbuka kukipaka. Tazama na rangi ya fremu pale karibu na shingo: imepasuka, imekunjika, ina rangi mbili? Tazama ncha za usukani, leva, vikanyagio. Kikanyagio kilichokwaruzwa peke yake si neno. Pikipiki nyingi za spoti zimewahi kulala mara moja. Lakini nishati yote ya ajali inapopita shingoni, hapo mimi naaga na kuondoka, hata bei ishuke vipi. Fremu hizi nyingi ni za alumini, na kuzinyoosha vizuri si kazi ya nyundo na jeki ya mtaani.

Msikilizaji mmoja atasema, "Lakini si kila pikipiki ina tabia yake tangu kiwandani?" Kweli kabisa, na ni vizuri kuijua kabla hujaenda. Honda CBR900RR ya kwanza, ile FireBlade ya mwaka 1992 iliyosimamiwa na Tadao Baba, ilikuwa na gurudumu la mbele la inchi 16 wakati wenzake walikuwa wameshika 17. Ilikuwa nyepesi sana kugeuka, na kwa baadhi ya watu ilikuwa nyepesi kupita kiasi. Honda wenyewe walihamia inchi 17 mwaka 2000. Suzuki nao walitoa GSX-R750 mwaka 1985, pikipiki nyepesi iliyowashangaza wote, na mwaka uliofuata tu wakaurefusha mkono wa gurudumu la nyuma kwa milimita 25 ili itulie zaidi. Sentimita mbili na nusu! Kama kiwanda kizima kinaona haja ya kurekebisha kiasi hicho kidogo, mjue kwamba mtu aliyeishusha pikipiki yake nyuma kwa sentimita tatu ili miguu ifike chini, naye ameibadilisha tabia.

Na hizo zilizoshushwa ni nyingi mno. Uliza wazi: imeshushwa? Nyuma tu, au na mbele? Aliyeshusha nyuma peke yake ameigeuza pikipiki ya spoti kuwa zito la kona. Kurudisha si vigumu kama vipuri vya asili vipo. Muulize viko wapi. Akisema "vipo nyumbani", mwambie avilete kabla ya malipo.

Sasa kuijaribu barabarani. Weka dhamana ya kueleweka, funguo za gari lako au pesa, vaa kofia na koti. Na usifikiri lazima ukimbie. Kilomita 50 kwa saa, mwendo ule unaoruhusiwa kwenye makazi, zinatosha kukuonyesha karibu kila kitu. Anayekwenda 180 kwenye pikipiki asiyoijua hajaribu pikipiki, anajaribu bahati.

Anza kwa kwenda moja kwa moja, mikono imelegea kwenye usukani lakini haijaachia. Inavuta upande? Kumbuka barabara zetu zimeinama kuelekea ukingoni ili maji yatoke, na sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo kidogo itaelekea kushoto. Tafuta mahali palipo tambarare kabla hujahukumu. Bado inavuta? Rudi, tazama alama za kurekebishia cheni kwenye mkono wa nyuma, pande zote mbili. Zikiwa hazilingani, gurudumu la nyuma limekaa mshazari, na hiyo ni spana na dakika kumi. Zikilingana na bado inavuta, shaka yako iende kwenye chuma.

Halafu kona. Hapa nieleze kidogo. Pikipiki inageuka kwa kuisukuma: sukuma mkono wa kulia mbele kidogo, inalala kulia. Wengi tunafanya hivyo bila kujua, tunadhani tunageuza kwa mwili. Keith Code, Mmarekani aliyeanzisha California Superbike School mwaka 1980, alitengeneza pikipiki yenye usukani wa pili uliofungwa kwenye fremu, usiogeuka. Ukiushika huo, hata ujitupe vipi huku na huku, pikipiki haigeuki kiasi cha maana. Kwa hiyo mahali salama, pasipo magari, sukuma kidogo kulia, kisha kidogo kushoto, kwa nguvu ileile. Inajibu sawasawa pande zote? Ikilala upesi upande mmoja na kusita upande wa pili, kuna kitu: tairi limelika upande mmoja, gurudumu liko mshazari, au imepinda. Umeshakagua viwili vya kwanza ukiwa umesimama, kwa hiyo unajua kilichobaki.

Breki nazipitia haraka. Shika ya mbele taratibu mpaka isimame. Leva ikidundadunda kidoleni, diski imepinda; ukisikia kule kugonga, tok, ni beringi za shingo tulizozungumza. Unene wa chini unaoruhusiwa umeandikwa kwenye diski yenyewe.

Kuna na ile dalili ya kutikisa kichwa, usukani unapochezacheza kushoto kulia wenyewe, hasa unapopunguza mwendo. Mtu akikwambia dawa yake ni kufunga dampa ya usukani, msikilize kwa adabu, lakini usinunue kwa neno hilo. Dampa, kile kifaa cha kutuliza usukani, inaficha tatizo tu. Chanzo mara nyingi ni tairi la mbele lililochoka, gurudumu lisilo na balansi, au beringi zilizolegea. Na ukikuta pikipiki tayari ina dampa, ilegeze mpaka mwisho ndipo uijaribu, polepole. Nimeona dampa iliyokazwa mno ikaufanya usukani mzito hata mwenye pikipiki akaamini fremu imepinda!

Sasa umerudi yadini. Dalali anakungoja, anatabasamu. "Vipi mkuu, si mashine hiyo?" Hapo usimwambie "mbovu", na usimwambie "nzuri". Mwambie vitu: sili ya mguu wa kulia, tairi la nyuma bapa, beringi za shingo zina kijishimo. Vyote hivyo ni vya bisibisi na vipuri, vina bei inayojulikana kwa fundi yeyote, na bei hiyo inatoka kwenye bei yake. Utashangaa wauzaji wanavyomheshimu mtu anayetaja kitu kwa jina. Kwa kweli pikipiki bora za kununua, kwa maoni yangu, ni hizohizo: zinazoendesheka vibaya kwa sababu ndogo. Mnunuzi wa kabla yako ameijaribu, imemwogopesha, ameikimbia, na bei imeshuka.

Ukiinunua, kabla hujageuza chochote, hesabu kila skrubu ya shokapu imefunguliwa mara ngapi kutoka kwenye kufungwa kabisa, uandike kwenye daftari au simu. Kisha badilisha kitu kimoja, endesha barabara ileile, halafu ndipo ubadilishe kingine. Anayebadilisha vitu vinne kwa siku moja hawezi kujua kipi kilichomsaidia, wala kipi cha kurudisha.

Muda wangu umefika, fundi mitambo ananionyesha saa. Wiki ijayo tutazungumza habari za cheni na sproketi, kwa hiyo walio na cheni zinazolia watege redio mapema.